Mtoto mwenye mahitaji maalumu: Tumchagulie chekechea ipi?

 

Ndugu Waislamu, mara nyingi katika ukurasa huu tumezungumzia malezi ya watoto: kuwapa majina mema, kuwasomesha Qur'ani na kuwaamrisha swala wafikapo miaka saba. Leo tumeona ni vyema tumzungumzie mtoto ambaye katika mazungumzo hayo huachwa nyuma. Yule asiyesikia, asiyeona vizuri, asiyeweza kutembea, aliyechelewa kusema, au ambaye akili yake ina mwendo tofauti na wa wenzake. Mtoto huyu naye hufikisha miaka minne, na wazazi wake hukabiliwa na swali ambalo kwa wazazi wengine ni jepesi: tumpeleke chekechea ipi?

Mwaka jana, baada ya swala ya Ijumaa, walitujia mume na mke vijana, wakazi wa Temeke jijini Dar es Salaam, wakiwa na mtoto wao wa kiume wa miaka minne na nusu. Mtoto alikuwa na maneno yasiyozidi kumi. Alitembea kwa ncha za vidole, na kipaza sauti cha msikiti kilipotoa tangazo aliziba masikio yake na kulia. Baba akatuambia: "Sheikh, tunaomba umsomee. Chekechea mbili zimeshamkataa." Mama alikuwa kimya muda wote. Tulipokwisha kumwombea mtoto dua, ndipo alipoinua uso akasema: "Kusomewa amesomewa sana, Sheikh. Mimi nimekuja kuuliza habari ya shule."

Maneno yale yalituingia. Hatukuwa na jibu la kumpa siku ile, na tukamwambia hivyo. Tuliahidi kwamba tutafuatana nao kulitafuta. Haya tunayoyaandika leo ni yale tuliyojifunza katika safari hiyo, tukitaraji yatamfaa mzazi mwingine aliye katika mtihani kama huo.

Si adhabu wala mkosi

Kabla ya shule, kuna jambo la kusafisha ndani ya nyumba zetu. Katika nyumba ya vijana wale, bibi mzaa baba alikuwa akisema kwamba mtoto ameingiliwa na shetani, na majirani wakinong'ona kwamba mama alifanya jambo wakati wa ujauzito. Maneno kama haya ndiyo yanayowafanya wazazi wawafiche watoto chumbani kila mgeni anapopiga hodi.

Ukweli ni kwamba hali hizi zina sababu zinazojulikana kwa wataalamu wa tiba, hata kama si kila sababu imekwisha kufahamika. Mtindio wa ubongo hutokana na athari katika ubongo unaokua, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Kama vile mtoto kukosa hewa wakati wa uzazi, au kupata manjano kali isiyotibiwa mapema. Uziwi waweza kuwa wa kurithi, au ukaletwa na homa ya uti wa mgongo. Usonji, ambao ndio hali ya mtoto wetu huyu wa Temeke, ni tofauti katika namna ubongo unavyokua. Hauletwi na malezi mabaya wala na kosa la mama. Umoja wa Mataifa ulipitisha mwaka 2007 kwamba tarehe 2 Aprili ya kila mwaka iwe siku ya kuuelewesha ulimwengu kuhusu hali hiyo.

Dua haina ubaya, bali ni ibada. Lakini dua haikuwekwa iwe mbadala wa hospitali wala wa shule, kama vile kumwomba Mwenyezi Mungu riziki hakumwondolei mtu wajibu wa kwenda kulima.

Nasi Waislamu tuna hoja kubwa zaidi. Kila asomaye juzuu ya Amma huipita Sura ya Abasa, na wengi tumeihifadhi tangu utotoni bila ya kuketi na kisa chake. Abdullah bin Ummi Maktum, sahaba asiyeona, alimjia Mtume (S.A.W.) akitaka kufundishwa, wakati Mtume akizungumza na wakubwa wa Makureshi. Mtume akakunja uso na kumgeukia yule aliyekuwa naye, na wahyi ukateremka kumlaumu kwa jambo hilo. Tuangalie vizuri, ndugu zangu: kipofu yule hakuja kuomba chakula wala nguo. Alikuja kutaka elimu. Kilicholaumiwa ni kumwacha mwenye ulemavu angoje wakati wengine wanafundishwa. Na sahaba huyo huyo baadaye alikuwa muadhini pamoja na Bilal, na Mtume alimwachia usimamizi wa mji wa Madina zaidi ya mara moja alipotoka safarini.

Kosa letu sisi wenyewe

Hatuyasemi haya kama mtu asiye na hatia. Zaidi ya miaka 20 iliyopita, tulipokuwa tukisimamia madrasa, mama mmoja alituletea mwanawe wa miaka sita. Mtoto hakutulia mkekani. Alizunguka, alivuta misahafu ya wenzake, na alipokanywa alijipiga kichwani. Siku ya tatu tukamwambia mama yule: "Mrudishe nyumbani mpaka atulie."

Hakutulia, nasi hatukuuliza. Miaka mingi baadaye tulipita mtaani kwao tukamwona: ni mtu mzima, ameketi barazani, hajawahi kuingia darasa lolote maishani mwake. Mama yake alitusalimu kwa heshima ile ile ya zamani. Hakuwa na kinyongo, na hilo ndilo lililotuumiza zaidi. Ilikuwa sentensi moja tu tuliyoitamka kwa haraka kwa sababu darasa lilikuwa na kelele, na kwa mtoto yule ikawa ndiyo hukumu ya umri mzima.

Kwa hiyo tunapozilaumu shule zinazowakataa watoto hawa, tuanze na kujilaumu sisi wa vyuoni.

Haki iliyokwisha kuandikwa

Wazazi wengi huenda shuleni wakiwa wameinamisha vichwa, kana kwamba wanaomba sadaka. Haifai kuwa hivyo. Mwaka 1994, katika mji wa Salamanca nchini Hispania, mataifa yalitoa tamko kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wote, bila ya kujali hali zao za kimwili au kiakili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na Tanzania ikauridhia mwaka 2009. Mwaka huo huo ilitungwa Sheria ya Mtoto, inayokataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu na kumtendea kwa namna inayomvunjia utu wake. Kisha ikaja Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayompa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma katika shule ya kawaida, ya serikali au ya binafsi, isipokuwa pale ambapo mahitaji yake ya mawasiliano yanataka mahali maalumu.

Mwalimu mkuu anayesema "watoto wa namna hii hatuwapokei" anakwenda kinyume cha sheria. Mzazi anaweza kulipeleka suala hilo kwa ofisa elimu wa kata, au kwa ofisa anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri yake, au kwa ofisa ustawi wa jamii. Lakini, ndugu zangu, haki ni jambo moja na kumchagulia mtoto mahali pa kukaa kila siku ni jambo jingine. Mlango uliofunguliwa kwa amri ya ofisa si lazima uwe na upendo ndani yake. Kwa hiyo mzazi aijue haki yake, kisha achague kwa macho yake mwenyewe.

Mjue mwanao kwanza

Hatua ya kwanza haiko shuleni. Mtoto aliyechelewa kusema apimwe masikio kabla ya jambo lolote jingine, kwani wako watoto walioitwa wajinga au wakaidi kumbe hawasikii. Apimwe na macho. Jijini Dar es Salaam wapo wataalamu wa masikio Muhimbili, na wa macho na viungo katika hospitali ya CCBRT. Mikoani, mzazi aanzie hospitali ya rufaa ya mkoa wake. Mtoto wetu wa Temeke alipimwa, ikaonekana anasikia vizuri. Mama yake alilia kwa faraja, kisha akalia tena, kwa kuwa maana yake ni kwamba sababu ilikuwa nyingine.

Hatua ya pili ni kuandika. Tulimwomba mama achukue karatasi moja aandike yale anayoyajua yeye peke yake: mtoto huombaje maji, huonyesha vipi kwamba anataka kwenda haja, anaogopa nini, kinachomtuliza ni kipi, anakula nini na hali nini, anapochoka huwaje. Kwa mtoto mwenye kifafa, iandikwe dawa, saa ya kuinywa, na la kufanya akianguka. Karatasi hii ni amana. Mwalimu atakayeisoma kwa makini mbele yako amekwisha kujibu nusu ya maswali yako, na atakayeikunja na kuitia kwenye saraka bila kuitazama amekujibu pia.

Aina za mahali pa kumpeleka

Kwa ujumla, mzazi ana njia nne. Ya kwanza ni darasa la awali katika shule ya msingi ya kawaida iliyo karibu, ambako mtoto husoma mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza. Ya pili ni shule ya kawaida yenye kitengo maalumu ndani yake, au shule iliyozoea kuchanganya watoto, kama Uhuru Mchanganyiko iliyopo Ilala. Ya tatu ni shule maalumu, kama ile ya viziwi ya Buguruni. Ya nne ni chekechea za binafsi na vituo vya kulelea watoto mchana, ambavyo vingine vina watoto wachache na vingine vina rangi nzuri ukutani tu.

Ipi ni bora? Wanachuoni wa elimu wametofautiana, nasi tunaona kwamba jawabu linafuata hitaji la mtoto. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye akili yake inafuata vyema, au mwenye uoni hafifu, au mwenye ualbino anayehitaji kuketi mbele mbali na jua, mahali pake ni pamoja na watoto wa mtaani kwake, mradi njia, choo na kiti vimrekebishiwe. Mtoto kiziwi ana jambo lake mbali: anahitaji lugha, na anaihitaji mapema. Kumweka kiziwi katikati ya watoto 80 wasiojua lugha ya alama, na mwalimu asiyeijua, ni kumweka jangwani. Huyu atafutiwe penye lugha ya alama, hata kama ni mbali, na wazazi wake nao wajifunze lugha hiyo, wasije wakawa wageni wa mtoto wao wenyewe.

Tahadhari moja kuhusu bweni. Baadhi ya shule maalumu ni za kulala, na wako wazazi wanaompeleka mtoto wa miaka mitano kisha wakapumua. Mtoto wa umri huo bado anahitaji kifua cha mama yake. Ikiwa hakuna njia nyingine, basi atembelewe mara kwa mara, arudi nyumbani kila likizo, na mzazi ajue kwa jina ni nani anayemwogesha na ni nani analala chumba kimoja naye.

Shule tatu tulizozitembelea

Tulikwenda pamoja na wazazi wale katika shule tatu. Hatutazitaja majina, kwa kuwa nia yetu si kusifu wala kukashifu.

Ya kwanza ilikuwa chekechea ya binafsi. Watoto hawakufika 20, sakafu ni ya vigae, bembea mpya. Mwenye shule alitupokea kwa ukarimu, akasema mtoto atapokelewa, ila ada yake itakuwa mara mbili. Tulipouliza nyongeza ile ni ya nini, alisema atakuwa na dada wa kumwangalia. Tulipoomba kuona atakapokaa, tulionyeshwa kiti barazani, nje ya darasa. Baba alikuwa tayari kukubali. Mama akauliza: "Sasa huko nje atajifunza nini?" Hakupata jibu.

Ya pili ilikuwa shule yenye kitengo maalumu. Walimu walikuwa wamesomea kazi yao, mmoja akiwa amehitimu Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha, kinachofundisha walimu wa elimu maalumu. Hapa mtoto angekuwa katika mikono ya wajuzi. Lakini ilikuwa mbali: daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na mtoto huyu akisongwa na watu hupiga kelele mpaka abiria hushuka. Aidha, nafasi ya umri wake ilikuwa imejaa.

Ya tatu ilikuwa darasa la awali katika shule ya msingi ya serikali, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani kwao. Kiwango kilichowekwa kwa madarasa hayo ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Sisi tulihesabu watoto 74 na mwalimu mmoja. Mlangoni palikuwa na ngazi mbili, na choo kilikuwa upande wa pili wa uwanja. Tulikata tamaa kabla ya kuketi. Mwalimu, mwanamke wa makamo, aliisoma karatasi ya mama tangu mwanzo hadi mwisho, huku watoto wakiimba. Kisha akauliza mtoto anapenda nini. Mama akasema anapenda kupanga vitu. Mwalimu akatoa kopo la vizibo vya soda, vile vinavyotumika kuhesabia, akavimwaga juu ya mkeka pembeni. Mtoto akaketi na kuvipanga kwa rangi, mstari baada ya mstari, kwa muda wa nusu saa. Mwalimu yule alisema: "Sijasomea watoto wa hali hii, na sitawadanganya. Lakini huyu nitamjaribu, kama mama atanisaidia."

Wazazi walirudi nyumbani wakabishana kwa siku tatu. Baba alitaka shule ya kwanza, kwa kuwa ilikuwa nzuri machoni mwa watu. Mwisho walichagua ya tatu, na wakaandikisha jina la mtoto katika kitengo cha shule ya pili ili nafasi ikipatikana akiwa mkubwa zaidi ahamie huko. Sisi tuliona wamechagua sawa. Tulipima kwamba mwalimu anayekiri asichokijua na yuko tayari kujifunza ana faida kuliko vigae, na kwamba mtoto anayeyaweza madogo yaliyo karibu ataweza makubwa yaliyo mbali.

Maswali ya kuuliza, na mambo ya kutazama

Mzazi asiulize tu, "Je, mnawapokea watoto wenye ulemavu?" Hilo hujibiwa kwa neno moja. Aulize hivi: mtoto wa mwisho mliyekuwa naye mwenye hali kama hii, mlimfanyia nini, na sasa yuko wapi? Akilia bila kunyamaza, ni nani atakayemshika? Akijichafua, atasafishwa na nani, na wapi? Dawa yake itatunzwa na nani? Siku akiumia au akikataa kula, nitajulishwaje?

Swali la choo lisionewe haya. Watoto wasioweza kusema ndio wanaodhuriwa kwa urahisi na watu waovu, kwa kuwa hawawezi kushitaki. Mzazi ajue ni nani anayemsindikiza mwanawe chooni, na ahakikishe kwamba milango na mapito yako wazi kwa macho ya wengine.

Kisha atazame. Aende mara mbili au tatu: asubuhi watoto wanapoingia, wakati wa uji, na wakati wa kutoka. Je, geti hufungwa, au mtoto mwenye mazoea ya kutoroka ataikuta barabara? Fimbo iko mkononi mwa mwalimu au haipo? Watoto wazito wameketishwa mbele au wametupwa nyuma? Wenzao wanawaitaje, kwa majina yao au kwa kasoro zao? Watoto huiga ulimi wa mwalimu wao. Ukisikia mtoto anaitwa "bubu" na wenzake, ujue imeruhusiwa na mkubwa.

Na ziko dalili za kuondoka hapo hapo: anayeahidi kumponya mtoto, anayesema "tutamnyoosha", anayekataa usiingie darasani, na anayemfungia mtoto peke yake ili wengine wasome.

Siku za mwanzo

Mtoto huyu hakuanza kama wengine. Wiki ya kwanza alikaa saa moja tu, mama yake mdogo akiwa ameketi kando. Wiki ya tatu alikaa saa mbili. Mama alinunua daftari dogo. Mwalimu huandika mstari mmoja mchana, na mama huandika mstari mmoja usiku: amelala vipi, amekula nini, kilichomkera ni kipi. Wakati wa kengele, mwalimu humwahi akamtoa nje kabla haijagongwa. Wazazi wa watoto wengine walipoanza kulalamika, baba alihudhuria mkutano wa wazazi, akasimama akaeleza hali ya mwanawe kwa maneno yake mwenyewe. Mwanamume huyu ndiye aliyekuwa akimfunika mtoto shuka kichwani wakipita njiani.

Mzazi asitegemee miujiza katika mwezi wa kwanza, wala asivumilie mateso kwa mwaka mzima. Baada ya muhula mmoja ajiulize: je, mwanangu anakwenda bila kulia kuliko mwanzo? Kuna jambo moja jipya analoliweza? Kuna mtoto hata mmoja anayemwita jina? Majibu yote matatu yakiwa "hapana", azungumze na mwalimu. Na yakibaki hivyo, ahame bila ya aibu.

Wajibu wetu sote

Hapa tunawageukia wasimamizi wa misikiti na madrasa. Katika miaka ya 1980, Waislamu wa Mombasa walihangaika na swali la namna ya kuwapatia watoto wao elimu ya awali bila ya kuwatoa katika mazingira ya dini yao. Kutokana na ombi lao, na kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan, zikaanzishwa chekechea za madrasa chini ya mwalimu Bi Swafiya Said. Mpango huo ukafika Zanzibar na kisha Uganda. Watoto walijifunza kwa vifuu, mbegu na vitu vya kawaida vya nyumbani, na jamii yenyewe ikachangia majengo na kamati. Wazee wale walionyesha kwamba jamii isiyo na fedha nyingi yaweza kuanzisha jambo la maana. Basi sisi tunashindwa nini kuweka mteremko wa saruji penye ngazi za madrasa zetu, kupunguza idadi ya watoto katika mkeka mmoja, au kumlipia nauli ya bajaji mama fukara anayembeba mgongoni mtoto wa miaka sita? Zaka na sadaka zina mahali pake hapa.

Historia yetu inatukumbusha pia kwamba Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala kati ya mwaka 705 na 715, aliwawekea vipofu watu wa kuwaongoza na viwete watu wa kuwahudumia, kwa gharama ya dola. Jambo hilo halikuhesabiwa kuwa hisani ya mtu binafsi. Lilihesabiwa kuwa kazi ya uongozi.

Wasomaji watauliza: je, mtoto yule alipona? Hakupona, kwa kuwa usonji si homa. Lakini sasa anaingia darasani, anautundika mkoba wake kwenye msumari wake, na kuna binti mmoja anayemshika mkono wakati wa kwenda kunywa uji. Maneno yake yamezidi 30, na moja kati ya hayo ni jina la binti huyo.

Mwezi uliopita baba yake alitujia tena baada ya swala. Hakuomba asomewe. Alisema: "Sheikh, shule amezoea. Sasa nimekuja kuuliza habari ya madrasa." Tulikumbuka mkeka ule wa zamani, na mtoto yule mwingine aliyebaki barazani. Tumempokea. Ustadhi wetu amekwisha kulalamika mara mbili, na kila mara tumekwenda kukaa naye darasani tukasaidiana. Si kazi nyepesi, na hatudai kuwa tumefaulu. Ila hatutaitamka tena ile sentensi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape subira wazazi wa watoto hawa, awape huruma walimu wao, na atusamehe sisi tuliochelewa kuelewa. Amin. Wabillahi tawfiq.